Beringi na Habu za Pikapu: Jinsi ya Kuzichagua

Katika toleo lililopita la gazeti letu mwenzangu mmoja alieleza habari za kutunza baiskeli, na wengi walifurahi. Nami nimeona yafaa nieleze habari za chombo kikubwa zaidi, yaani pikapu, hasa jambo moja ambalo halionekani kwa macho mpaka gari limeharibika: beringi za magurudumu na habu zinazozishika. Wazazi wetu kadhaa wana pikapu, na wasio nazo huzipanda. Huku kwetu uwandani pikapu hubeba korosho toka vijijini mpaka ghalani, hubeba madebe ya maji wakati wa kiangazi, hubeba mabati, maiti, maharusi na wagonjwa. Basi habari hizi zinamhusu kila mtu.

Kwanza nitasimulia jinsi nilivyozijua, maana sikuzisoma kitabuni.

Mwezi wa Novemba mwaka jana nilikuwa nyumbani kwa ruhusa ya siku chache. Mama yangu mkubwa alikuwa mgonjwa, na mjomba, ambaye ndiye anayenisomesha, akasema atampeleka hospitali Masasi kwa pikapu yake. Pikapu ile ni ya zamani, ya kuvuta kwa magurudumu ya nyuma tu. Tulitoka Newala asubuhi. Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa likivuma, uuu, uuu, na mlio ukizidi tulipokata kona ya kulia. Nilimwuliza mjomba, akanijibu, “Mpwa wangu, beringi hiyo ni mpya, ina majuma matatu tu. Itazoea.”

Haikuzoea. Tulipokuwa tunateremka ukingo wa uwanda, pale ambapo mtu huliona bonde lote chini yake na milima ya mawe ya Masasi kwa mbali, tukasikia harufu ya grisi inayoungua. Usukani ukaanza kutetemeka mikononi mwa mjomba. Akasimamisha gari pembeni, tukashuka. Kikofia cha katikati ya gurudumu kilikuwa kinatoa moshi, na gurudumu lenyewe limelala upande kama mguu wa mtu aliyeteguka. Mjomba alilishika juu akalitikisa, likacheza kama jino bovu. Hakusema neno. Alitazama ule mteremko uliobaki, kisha akamtazama dada yake.

Mama mkubwa alikaa chini ya mkorosho mpaka saa tisa, ndipo lori la saruji lilipomchukua. Alifika hospitali jioni, akatibiwa, na sasa hajambo. Lakini saa zile chache chini ya mkorosho sitazisahau, na ndizo zilizonifanya niulize maswali mengi kwa fundi aliyekuja kutuvuta.

Fundi huyo ni mtu mzima wa Masasi, mwenye subira. Alipofungua gurudumu alinionyesha vitu vyote kimoja kimoja juu ya gunia.

Habu ni kile kipande kizito cha chuma ambacho gurudumu hufungwa juu yake kwa nati. Habu huzunguka, ekseli iliyo ndani yake haizunguki. Baina ya kinachozunguka na kisichozunguka sharti pawe na kitu cha kupunguza msuguano, nacho ni beringi. Katika magurudumu ya mbele ya pikapu nyingi za zamani mna beringi mbili kwa kila habu, kubwa ndani na ndogo nje, zimeelekeana. Hizi si za gololi kama za baiskeli. Zina rola, yaani vipande vya chuma vilivyo mviringo mfano wa vipande vya chaki, lakini upande mmoja vimechongoka kidogo. Rola zimefungwa juu ya pete ya ndani, na mafundi huita kipande hicho koni. Koni hukaa ndani ya pete ya nje inayoitwa kikombe, na kikombe hupigwa kwa nguvu ndani ya habu kisizunguke.

Kwa nini rola zimechongoka? Gari likienda moja kwa moja, uzito hukandamiza toka juu. Lakini likikata kona, gurudumu husukumwa pia kwa ubavu. Rola zilizolala mshazari huweza kuchukua nguvu zote mbili. Mtengenezaji wa magari ya kukokotwa na wanyama huko St. Louis, Marekani, aitwaye Henry Timken, ndiye aliyepata hataza ya beringi ya namna hii mwaka 1898, pamoja na mwenziwe Reginald Heinzelman. Jina la Timken bado limo katika maboksi ya beringi mpaka leo.

Sasa kosa lilikuwa wapi? Gereji iliyotengeneza mwanzo, ambayo sina haja ya kuitaja, ilitia koni mpya ndani ya kikombe cha zamani. Fundi wetu alikipangusa kikombe kwa mafuta ya taa akanipa nikipitishe kidole. Kilikuwa na vishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Rola mpya zilipopita juu ya vishimo vile kwa majuma matatu zikachanika ngozi. Tena nati ilikuwa imekazwa mno, beringi ikapata moto, chuma kikatanuka, ikashikana. Iliposhikana, kikombe nacho kikaanza kuzunguka ndani ya habu, na habu ikalika tundu lake. Kwa hiyo koni moja iliyonunuliwa kwa kubana matumizi ilikula koni, kikombe, sili na habu. Ni bahati ekseli ilipona. Fundi aliipima, akaisugua kidogo kwa msasa laini, akasema bado inafaa.

Hapo ndipo kazi ya kuchagua ilipoanza, na ndiyo nitakayoikalia zaidi.

Mtu akienda duka la spea huulizwa, “Gari gani?” Akitaja jina la gari na mwaka, huletewa boksi. Njia hii hufaa kwa gari jipya ambalo halijabadilishwa kitu. Lakini pikapu za huku zimepita mikono mingi. Nyingine zina ekseli ya gari jingine, nyingine zimefungwa habu ya mtumba miaka kumi iliyopita na aliyeifunga ameshahama. Jina la gari haliwezi kukuambia kilichomo ndani. Kinachoweza kukuambia ni namba iliyochongwa juu ya beringi yenyewe, na kipimo. Basi usitupe beringi mbovu kabla hujapata mpya! Ioshe kwa mafuta ya taa, isome, uichukue mfukoni uende nayo dukani.

Namba hizo si za uchawi. Chukua mfano wa 32206. Tarakimu 3 ya mwanzo maana yake ni beringi ya rola zilizochongoka. Ingekuwa 6206 ingekuwa ya gololi. Tarakimu mbili za mwisho, 06, zidisha kwa 5, utapata 30, nayo ndiyo upana wa tundu la ndani kwa milimita. Kanuni hii hufanya kazi kuanzia 04 kwenda juu. Chini ya hapo iko orodha yake: 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, na 03 ni 17. Tarakimu za katikati hueleza unene na ukubwa wa nje. Ziko pia beringi za vipimo vya inchi, ambazo koni na kikombe kila kimoja kina namba yake. Mathalan koni LM11949 huenda na kikombe LM11910, na tundu lake ni milimita 19.05, yaani robo tatu ya inchi. Kwa hizi usijaribu kuzidisha kwa 5. Soma namba zote mbili, uziandike.

Mimi na mjomba tulikwenda dukani na beringi yetu ya ndani, 32206. Mwenye duka akaleta boksi jipya linalong’aa. Nilikuwa na rula yangu ya shule, nikaisoma namba: 30206. Nikamwambia, “Shikamoo baba, hii siyo.” Akajibu, “Marahaba binti. Ni ile ile. Tazama, tundu ni lile lile, na nje ni kule kule.” Wala hakusema uongo. Zote mbili zina tundu la milimita 30 na upana wa nje wa milimita 62. Lakini 30206 ina kina cha milimita 17.25, na 32206 ina milimita 21.25. Tofauti ni milimita 4. Ukiziweka kando kando juu ya meza ndipo huonekana. Ukiitazama moja peke yake huwezi kujua.

Nilimwuliza fundi baadaye milimita 4 zingedhuru nini. Akasema beringi ingeingia bila kupigana, gari lingeondoka gereji, na sisi tungemshukuru. Kisha habu ingekaa ndani zaidi kwa milimita 4, dramu ya breki ingesugua bamba lililo nyuma yake, na sili ingekandamizwa mpaka ipasuke, mchanga uingie. Tena rola zake ni fupi, hivyo hazina nguvu ya kubeba uzito ule ule. Mwenye duka mwenyewe, alipopimiwa mbele yake, alicheka akatuelekeza kwa jirani yake aliyekuwa nayo. Ninamsifu kwa hilo.

Yapasa pia kusema juu ya bidhaa bandia. Majina makubwa kama SKF, Koyo, NTN na Timken huigizwa sana, na boksi si ushahidi, maana boksi ndilo jepesi kuigiza kuliko vyote. Tazama maandishi juu ya chuma: yawe membamba, safi, yanayolingana na ya boksi. Zungusha koni ndani ya kikombe polepole karibu na sikio lako, isikwaruze. Bei ikiwa chini mno kuliko maduka yote, jiulize kwa nini. Kwa maoni yangu, beringi ya kampuni isiyo na jina kubwa lakini inayouzwa kwa jina lake mwenyewe ni afadhali kuliko ile iliyovaa jina la mtu mwingine. Na siku zote nunua koni na kikombe pamoja, pamoja na sili mpya. Sili ni kitu cha bei ndogo, na mchanga wetu wa uwandani ni mwembamba kama unga.

Kwa habu shauri lilikuwa gumu zaidi. Kikombe kipya kilipowekwa kwenye habu yetu kiliingia kwa kusukumwa na kidole gumba. Kikombe kizuri sharti kipigwe nyundo, au kikandamizwe kwa mashine, ndipo kiingie. Mjomba akashauri habu ipigwe nukta nukta kwa msumari wa chuma ndani ya tundu ili lipungue, kama wafanyavyo wengi. Wengine huzungushia bati la kopo la soda. Fundi akakataa. “Mzee mwenzangu,” alisema, “nikikufungia hivyo utafika Newala, na utakaporudi na abiria nitakuwa nimelala usingizi gani?” Mjomba alinyamaza. Ulikuwa msimu wa korosho, kila siku gari linaposimama ni fedha zinazopita mbele ya macho yake, na habu mpya ilikuwa ya kuagiza toka Dar es Salaam.

Tukanunua habu ya mtumba, iliyotoka katika gari lililokatwakatwa. Kununua habu ya mtumba si kosa, mradi ujue kuipima. Kosa la kwanza la watu ni kuhesabu bolti. Huona habu ina bolti sita kama yao, gurudumu linaingia, basi hulipa. Lakini pikapu nyingi za makampuni mbalimbali hutumia bolti sita juu ya duara moja la milimita 139.7, hata gurudumu la hili huingia katika lile. Gurudumu kukubali si dalili kwamba habu itakubali ndani. (Wanafunzi wa jiometri watapenda hili: katika bolti sita, umbali toka bolti moja mpaka ya jirani ni sawa na nusu kipenyo ya duara, kama pembesita mlilochora darasani. Katika bolti tano hakuna bolti inayotazamana na nyingine. Pima umbali wa majirani wawili, ugawe kwa 0.588, upate kipenyo.)

Fundi alipima tundu la kikombe cha ndani na la nje, akapima umbali baina ya vituo viwili wanapokaa vikombe, akalinganisha mahali dramu inapofungwa. Akaichunguza kama ina ufa mwembamba kwenye mashina ya bolti, akaipakaa mafuta ya taa, akaipangusa, akaipakaa chaki, akangoja. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani hutoka na kuchora mstari katika chaki. Ya kwanza ilichora mstari. Ya pili ilikuwa safi, na kikombe kiliingia kwa nyundo, kwa kupigwa pande zote polepole kikilia mlio mwembamba, mpaka kilipofika chini mlio ukawa mzito.

Wenye pikapu mpya wajue kwamba nyingi hazina koni na vikombe vya kutenganishwa. Zina beringi moja iliyofungwa na grisi yake ndani, au habu na beringi kitu kimoja. Hizi hazitiwi grisi wala hazikazwi kwa kukadiria. Hubadilishwa zima, na nati hukazwa kwa kipimo cha kitabu cha gari. Baadhi zina ukanda wa sumaku upande mmoja kwa ajili ya breki za ABS. Ukifunga upande huo kinyume, gari litakwenda lakini taa ya breki itawaka. Tena zisipigwe nyundo kwa kupitia rola. Nguvu iwekwe kwenye pete ile inayoingizwa, si kwenye pete nyingine, la sivyo beringi mpya huharibika kabla haijatoka gereji.

Juu ya kufunga zile za zamani nitasema machache. Grisi iwe ya beringi za magurudumu, isichanganywe na iliyobaki ya zamani. Iwekwe katika kiganja, na koni ikandamizwe juu yake mpaka grisi itokeze upande wa pili kati ya rola. Nati hukazwa huku gurudumu linazungushwa ili rola zikae mahali pake, kisha hulegezwa, kisha hukazwa tena kwa vidole tu. Hubaki nafasi ndogo kiasi cha unene wa karatasi. Pini ya kuzuia nati iwe mpya. Baada ya safari fupi gari lisimame, na kiganja kiwekwe juu ya habu. Vuguvugu ni sawa. Ikiwa huwezi kuvumilia kuiacha mikono, kuna kosa.

Liko jambo moja ambalo fundi alilisema na mjomba hakulipenda. Alimwuliza hubeba magunia mangapi. Gunia la korosho lina kilo 80 hivi. Pikapu ya tani moja ingebeba magunia 12, na dereva ndani. Mjomba hubeba 20, na vijana wawili juu yake. Niliporudi shuleni nilimwuliza mwalimu wetu wa fizikia, akanionyesha kanuni wanayoitumia watengenezaji. Kwa beringi za rola, uzito ukizidishwa mara mbili, maisha ya beringi hayapungui nusu kama mtu angedhani. Hupungua mpaka sehemu moja ya kumi hivi. Beringi ambayo ingekwenda miaka mitano huenda miezi sita.

Nilimwandikia mjomba hesabu hiyo katika karatasi, mstari kwa mstari. Alipokuja kuniona siku ya wazazi alikuwa nayo mfukoni, imekunjwa. Akaniambia, “Hesabu yako nimeielewa. Sasa nipe nyingine. Nikibeba 12, safari zitakuwa nyingi, mafuta yatakuwa mengi, na madaftari yako yatatoka wapi?” Sikuwa na jibu la haraka. Tulikaa chini ya mwembe tukapiga hesabu pamoja, mafuta ya safari za ziada upande mmoja, na upande mwingine beringi, habu, na siku nne za msimu alizosimama. Jibu halikuwa wazi kama nilivyotaka. Barabara ya Mnivata mpaka Masasi kupitia Newala, kilomita 160, imekuwa ikijengwa kwa lami, na juu ya lami mambo ni mengine. Lakini korosho hazitoki kwenye lami, hutoka vijijini kwenye mchanga na mashimo.

Tulikubaliana magunia 15, na watu wasikae juu ya mzigo. Kabla hajaondoka tuliweka viganja vyetu juu ya habu zote mbili za mbele, kwani alikuwa ametoka mbali. Ya kushoto ilikuwa vuguvugu. Ya kulia ilikuwa na moto zaidi. Tutaifungua likizo ya Desemba, na rula yangu nimekwisha iweka tayari.

Mwanafunzi, Kidato cha III B